Lost in Austen: nilivyogeuka VJ sebuleni kwa mama

Mimi Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen, nimeisoma tangu sekondari, ile kopi ya shule ambayo kurasa za katikati zilikuwa zimetoka na mtu akazishonea na uzi, kwa hiyo mtu akiniambia kuna muvi au tamthilia ya hicho kitabu kwanza nakunja uso. Wengi wanaharibu. Ndiyo maana dada mmoja wa ofisini aliponiambia kuna sirizi ya Waingereza ya 2008, Lost in Austen, episodi 4 tu, msichana wa London wa siku hizi anaingia ndani ya kitabu, nikamuuliza anaingiaje? Akasema kupitia bafuni. Nikacheka nikamwambia hiyo ni ya watoto, peleka huko.

Lakini si unajua kitu kikishaingia kichwani. Nikaenda kwa kijana wetu wa kujaza flashi pale karibu na steji, hakuwa nayo, akasema nipe siku tatu, zikawa tano, mwishowe akanijazia zote nne kwa elfu nne. Ya nne ilikuwa inakwama dakika ya ishirini kila mara, picha inaganda mdomo wa mtu uko wazi, nikarudi akanijazia tena bila maneno. Haya, tuendelee.

Hadithi iko hivi. Amanda Price (Jemima Rooper, huyu dada ana uso unaoongea hata akinyamaza) anafanya kazi benki, anaishi Hammersmith, boifrendi wake anamchumbia akiwa amelewa, na raha yake kubwa ni kujifungia ndani na Pride and Prejudice. Usiku mmoja anasikia vishindo bafuni, anafungua, anamkuta Elizabeth Bennet mwenyewe amesimama na nguo ya kulalia ya enzi zile! Kuna mlango ukutani unaotokea dari ya nyumba ya kina Bennet. Amanda anapita, Elizabeth anabaki London, mlango unafungwa. Sasa kitabu ndiyo kinaanza, Bwana Bingley, kijana tajiri, ameshahamia Netherfield, jumba la jirani, na mhusika mkuu Elizabeth hayupo.

Utamu wa hii kitu uko hapo. Amanda anajua kila kitakachotokea, ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo anajipa kazi ya kukilinda kitabu kisiharibike, na kila anapogusa kinaharibika zaidi. Bingley badala ya kumpenda Jane, dada yake Elizabeth, anampenda yeye. Jane wa watu anaishia kuolewa na Collins, yule mchungaji, nikapiga kelele peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Na Wickham, ambaye sisi wote tuliosoma tunajua ni mtu mbaya, kumbe wa hapa siye, Georgiana, mdogo wake Darcy (yule tajiri anayemwoa Elizabeth kitabuni), ndiye aliyesema uongo na Wickham kabeba lawama miaka yote. Yaani hapo Amanda anabaki ameduwaa na mimi nikabaki nimeduwaa, maana miaka kumi na kitu nimemchukia huyo mwanaume kwa moyo mmoja.

Niliimaliza peke yangu siku mbili. Lakini hiyo siyo hadithi, hadithi ni nilipoipeleka nyumbani Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya.

Mama yangu anauza samaki pale sokoni, ngege wa kukaanga na mukene (dagaa), Kiingereza chake ni cha bei na kilo. Muvi anazipenda sana ila amezoea za VJ, akina VJ Jingo, ile sauti inayokutafsiria juu ya muvi na kuongeza pilipili yake mwenyewe. Jumamosi stima ikawepo, nikaweka kompyuta juu ya stuli, mama akasema, "Weka hiyo yako, wewe utakuwa VJ." Basi nikawa VJ. Kwa Kiswahili chetu cha mpakani, nimekaa chini kwenye mkeka, naongea haraka kabla mtu wa pili hajajibu, aisee hiyo kazi ni ngumu, nawaheshimu hao watu.

Mama upande wake aliuchagua dakika ya kumi: Mrs Bennet (Alex Kingston). Mimi kitabuni nimemcheka huyo mama maisha yangu yote, na hapa bado anachekesha ila ana meno, kuna mahali anamvuta Amanda pembeni anamwonya kabisa asiwaharibie mabinti zake. Mama akatikisa kichwa, "Amesema kweli. Watoto watano wa kike, mzee akifa shamba linachukuliwa na huyo Collins, ulitaka akae anakunywa chai?" Sikuwa na jibu. Mr Bennet (Hugh Bonneville, hii ni kabla hajawa bwana mkubwa kwenye sirizi ya Downton Abbey) anachekesha kwa upole, lakini mama alimwita mvivu na akamalizia hapo.

Halafu ikaja ile ya samaki. Collins yuko tayari kumwoa Amanda, na Amanda kakubali ili tu kina Jane wapone, sasa Wickham anasambaza umbea kwamba marehemu baba yake Amanda alikuwa muuza samaki. Collins kusikia hivyo anaruka kando kama kakanyaga moto. Nikatafsiri kama ilivyo, sikuwaza. Mama akaniambia simamisha. Nikasimamisha. Akainuka kwenye kiti, akafungua leso akaifunga upya kiunoni, mikono yake hata akiosha na limau bado ina ile harufu ambayo mimi kwangu ndiyo harufu ya ada ya shule, akasema, "Ati samaki ni aibu? Huyo pasta anakula nini Ijumaa?" Akakaa. Kuanzia hapo Wickham hakusamehewa. Nilivyokuja kumweleza kwamba kumbe ni mtu mzuri mama akasema, "Mzuri kwenu."

Episodi ya tatu ndiyo ilinimaliza. Darcy (Elliot Cowan, mwanzoni nilimwona kama ubao, baadaye nikanyamaza) hatimaye anamwambia Amanda anampenda, na Amanda kwa ukweli wake akamwambia kwamba yeye si bikira. Darcy anageuka barafu. Hapo mama ananiangalia mimi, "Amesemaje?" Jamani. Mimi na mama yangu hatujawahi kuongea mambo hayo, hiyo ni kazi ya shangazi, na shangazi hakuwepo. Mdomo ukajifungua wenyewe: "Anasema hana ng'ombe wa kutosha wa mahari."

Mama akaangalia Pemberley, jumba la Darcy (walipiga picha Harewood House kule Yorkshire, si nyumba ya mchezo). Akaangalia tena. "Na madirisha yote hayo?"

"Nyumba ni ya urithi mama, ina madeni."

Ikawa mwanzo wa balaa. Dakika kadhaa mbele Darcy anataka kumwoa Caroline, dada yake Bingley, mama anauliza huyu ng'ombe zake zimetoka wapi ghafla, ikabidi niseme kwa kina Caroline hawaitishi mahari. Kila sentensi mpya nikawa napiga kiraka kwenye ya nyuma, na hapo ndipo nikaelewa kwa nini huyo Amanda anatoka jasho namna ile. Kuna siri nyingine ya Caroline, hiyo sikuitafsiri kabisa, nilikohoa mpaka ikapita.

Charlotte Lucas naye, rafiki wa Elizabeth ambaye kitabuni ndiye anaolewa na Collins, akishanyang'anywa Collins wake, anaondoka kwenda Afrika kuwa mmisionari. "Afrika gani? Huku?" Hawasemi. Sisi kanisani tunafundishwa wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, 1877, na kitabu kilitoka 1813, kwa hiyo Charlotte kama alikuja huku aliwatangulia kwa miaka zaidi ya 60 na hakuna aliyemwandika. Mimi ningeitazama hiyo sirizi pia, kwa kweli ningeilipia hata elfu kumi.

Sasa mabaya yake. Elizabeth yuko kidogo mno, wamemchukua Gemma Arterton halafu wakamwacha London na kumwonyesha mwanzo na mwisho tu, wakati maisha yake mapya kule, nywele kazikata, analea watoto wa watu na amependa kila kitu, yangetosha episodi nzima. Ya nne inakimbia, Lydia anatoroka na Bingley, mzee Bennet anajeruhiwa, Darcy anajikuta London ya leo ndani ya basi, yote kwa pumzi moja. Na kama hujasoma kitabu wala kuona tamthilia zake za nyuma utani mwingine utakupita, mfano pale Amanda anapomwomba Darcy aingie kwenye maji, hiyo ni ya waliomwona Colin Firth akiwa Darcy na shati lake bichi ile ya BBC ya 1995. Ila Amanda kulazimishwa kuimba mbele ya wageni wa Netherfield akaamua kuwaimbia Downtown ya Petula Clark, hiyo hata mama aliipigia makofi bila tafsiri.

Kwangu 8 kwa 10. Mama hatoi namba.

Mwisho (kama hutaki kujua ishia hapa) Amanda anarudi kwa Darcy Pemberley, muziki unapanda, mimi machozi yananilenga ingawa ni mara ya pili. Mama kimya. Halafu akauliza, "Na ng'ombe?"

"Walipatikana mama."

"Wangapi?"

"Thelathini."

"Kutoka wapi?"

Nikasema Karamoja, kule kwa wafugaji. Akafikiri kidogo. "Basi amejitahidi," akainuka akaenda kufunga mlango wa nyuma.