Wahl-O-Mat ya Ujerumani: kipimo kizuri cha vyama, ukijua kinavyohesabu

Kwa Mswahili aliyepata uraia wa Ujerumani, ambaye hana wiki nzima ya kupekua ilani za vyama, pa kuanzia ni Wahl-O-Mat, kifaa cha mtandaoni kinacholinganisha majibu yako na misimamo ya vyama kabla ya uchaguzi. Ni bure na haidai ujisajili. Tangu 2002 inatolewa na bpb, taasisi ya serikali ya elimu ya uraia, kwa mfano wa StemWijzer, kifaa cha aina hiyo cha Uholanzi. Mwaka 2021 ilitumika zaidi ya mara milioni 21. Tatizo ni kwamba huchelewa: mwaka 2025 ilifunguliwa tarehe 6 Februari na kura zikapigwa tarehe 23.

Unapewa hoja 38, moja baada ya nyingine. Kukubali unabofya „stimme zu“, kukataa „stimme nicht zu“, katikati yake kuna „neutral“, na pembeni kitufe cha kuruka hoja. Hapo kwenye „neutral“ ndipo wengi wanapoharibu, maana wanaibofya kila wasipoelewa. Hesabu ni hii: ukilingana na chama kinapata alama 2, mkipishana hatua moja alama 1, mkipingana kabisa 0. Kwa hiyo anayebofya „neutral“ mwanzo hadi mwisho atalingana na kila chama kwa asilimia 50 au zaidi, hata kile asichotaka kukisikia. Usichokielewa kiruke, hoja iliyorukwa haiingii kwenye hesabu. Mwishoni unaruhusiwa kuzipa hoja uzito wa mara mbili. Chagua chache zinazokugusa kweli, kwa kuwa ukizipa uzito zote ni kama hujaipa hata moja.

Lugha nayo ina mitego. Tazama kitenzi kabla ya kubofya: „einführen“ ni kuanzisha jambo, „abschaffen“ ni kulifuta. Anayeunga mkono kodi fulani akakubali hoja ya kuifuta amejipotosha mwenyewe.

Baadaye unachagua vyama vya kulinganisha. Zamani mwisho ulikuwa vinane kwa mkupuo. Mwaka 2019 chama kidogo cha Volt kiliishtaki bpb mahakamani mjini Köln kwa kuwa kikomo hicho kiliviumiza vyama vidogo, na sasa unavilinganisha vyote pamoja.

Asilimia zinazotokea wengi hupiga picha ya skrini na kuondoka. Hasara yao, kwa sababu uzuri wote uko kurasa za nyuma, ambako vyama vyenyewe vimejibu kila hoja na kueleza sababu. Hoja ya mwaka 2025 kuhusu kuendelea kuisaidia Ukraine kijeshi ilikataliwa na AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, na pia BSW, chama cha Sahra Wagenknecht kilichotoka mrengo wa kushoto. Kwenye hesabu ni jibu moja, ingawa kwa mambo mengine vyama hivyo havifanani. Ukishabakiwa na vyama viwili au vitatu, pakua ilani zao na utafute ndani yake neno moja moja: „Einbürgerung“ kwa uraia, „Familiennachzug“ kwa kuleta familia, „Mindestlohn“ kwa kima cha chini cha mshahara. Ahadi isiyo na kiasi wala mwaka ihesabu kama salamu tu.

Kifaa hiki kinafaa kwa kura ya pili, ile ya chama; mgombea wa jimbo lako, anayepigiwa kura ya kwanza, mchunguze mwenyewe. Wala hakikuonyi kuhusu kizingiti cha asilimia 5: mwaka 2025 BSW ilipata asilimia 4.98 ikabaki nje ya Bunge.