Kava la duveti: lipi ulinunue, lipi uliache

Ukishika pakiti ya kava la duveti, yaani mfuko wa kitambaa unaovishwa blanketi nene lililojazwa manyoya au pamba, jicho hukimbilia namba moja iliyopigwa kwa maandishi manene: nyuzi 600, nyuzi 800, wakati mwingine hata 1,200. Namba hiyo ndiyo inayouza, na ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi. Tumalizane nayo kwanza, kabla ya kupanga lipi la kwanza na lipi la mwisho.

Hesabu ya nyuzi ni jumla ya nyuzi za mtande (zinazokwenda urefu) na za mshindio (zinazokatiza upana) zilizomo ndani ya inchi moja ya mraba. Nafasi hiyo ni ndogo, na uzi hata uwe mwembamba vipi una unene wake. Pamba nzuri iliyosokotwa vyema hufika 300 au 400 bila shida, na satini, ule ufumaji unaong'aa, huzidi hapo kidogo. Ili kiwanda kiandike 1,000, huchukua nyuzi mbili, tatu au nne, huzipota ziwe uzi mmoja, kisha huzihesabu moja moja. Mwaka 2005 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilisema kwamba hesabu ya namna hiyo inaweza kumpotosha mnunuzi. Kitambaa chenyewe mara nyingi huwa kizito na kigumu kupitisha hewa. Namba ikiwa kati ya 200 na 400, endelea kusoma lebo. Ikizidi 600, muulize muuzaji imehesabiwaje, na akibabaika rudisha pakiti mahali pake.

Orodha hii nimeipanga kwa mtu anayelala na kava lake karibu kila usiku, analifua kila wiki moja au mbili, na anataka limdumu miaka. Anayetafuta pambo la chumba cha wageni ana mizani yake.

1. Pamba ya pakeli

Pakeli ni ufumaji wa kawaida kuliko wote: uzi mmoja juu, mmoja chini, basi. Kwa kuwa kila uzi umebanwa na wenzake pande zote, hakuna uzi mrefu unaolala juu ya kitambaa ukisubiri kucha au hereni iuvute. Kitambaa hakina mng'ao, ni chepesi, na ukikikunja mkononi husikika kama karatasi mpya. Hewa hupita. Anayeamka usiku kujifunua kwa joto atatambua tofauti siku ya kwanza.

Kasoro zake ni mbili. Hujikunja, na asiyependa kupiga pasi ajiandae kulala juu ya mikunjo. Pia kwa mara za kwanza huwa kikavu kidogo mwilini, halafu hulainika kadiri kinavyofuliwa. Wengi hukihukumu dukani kikiwa bado kina wanga wa kiwandani, wakakiacha.

Ukichagua pakeli, tazama urefu wa nyuzinyuzi za pamba yenyewe. Pamba ndefu, kama Pima na ile bora ya Misri, hutoa uzi wenye ncha chache zinazochomoza, na ncha hizo ndizo zinazojisokota na kuwa vidonge juu ya kitambaa. Lakini maneno "pamba ya Misri" peke yake hayatoshi. Mwaka 2016 kampuni ya Target ya Marekani iliachana na kiwanda cha Welspun baada ya kugundua kwamba mashuka yaliyouzwa kwa jina hilo yalifumwa kwa pamba nyingine. Jina la Supima ni alama ya biashara ya pamba ya Pima ya Marekani, na lina uzito zaidi kuliko sifa ya jumla kama "pamba ya kifahari", ambayo mtu yeyote anaweza kuichapa kwenye pakiti.

2. Kitani

Kwa uimara peke yake kitani kingekaa juu. Nyuzi zake hutoka kwenye shina la mmea, zina nguvu kuliko za pamba, na zikilowa huongezeka nguvu, kwa hiyo kufua hakuziogopeshi. Hufyonza unyevu mwingi: katika hewa ya kawaida kitani hubeba takriban asilimia 12 ya uzito wake kama maji, pamba asilimia 8 hivi, na hata hivyo mkono hausikii ubichi. Mtu anayetokwa na jasho sana usingizini asisome zaidi ya hapa, anunue kitani.

Nimekiweka cha pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu si kila ngozi inavumilia ule ukwaru wa miezi ya mwanzo. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: kitani hakinyumbuki. Ukikikunja pale pale kila mara na kukigandamiza kwa pasi ya moto, nyuzi hukatika kwenye mstari wa kunjo, na miaka michache baadaye utaona ufa ulionyooka kama umepigwa rula. Kikunje ovyo ovyo. Uzito mzuri ni kama gramu 160 hadi 190 kwa mita ya mraba. Kilicho chepesi zaidi huonyesha rangi ya duveti iliyo ndani.

3. Satini ya pamba

Hapa uzi hupita juu ya nyuzi tatu au nne kabla ya kuzama chini ya mmoja. Ndiyo maana kitambaa kinang'aa na kuteleza, na ndiyo maana kinawashinda wengine wote kwa dakika tano za dukani. Huuhifadhi mwili joto zaidi ya pakeli, huanguka vizuri kitandani, na hakijikunji sana. Mwenye kuhisi baridi atakipenda.

Uzuri huo una gharama yake. Zile nyuzi ndefu zinazolala juu ndizo zinazonaswa na kisigino kilichopasuka, saa ya mkononi au kucha za paka. Mng'ao hufifia kwanza pale miguu na mabega yanaposugua. Ukiamua kuchukua satini, chukua ya nyuzi 300 hadi 400, na uifue ikiwa imegeuzwa nje ndani.

4. Layoseli, na habari ya mianzi

Layoseli hutengenezwa kwa mti, mara nyingi mkalitusi, na jina la biashara linalojulikana zaidi ni Tencel. Ni laini, hupoa haraka, hufyonza unyevu kuliko pamba. Haipendi maji ya moto sana wala kusuguliwa, na bei yake si ya chini. Kwa ngozi nyepesi kuwasha, nitaipendekeza bila kusita.

"Mianzi" ni hadithi nyingine. Karibu kila kava laini linalouzwa kwa jina hilo ni viskosi: mwanzi umeyeyushwa kwa kemikali kali ukatolewa kama uzi. Si kitu kibaya, ila viskosi ikilowa hupoteza nguvu nyingi, na kava hulowa kila linapofuliwa. Mwaka 2022 kampuni za maduka za Kohl's na Walmart zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 nchini Marekani kwa kuuza bidhaa za viskosi kama za mianzi zenye sifa za kulinda mazingira. Lebo ya ndani ikisema viskosi, lipia bei ya viskosi.

5. Pamba mchanganyiko na poliesta

Hukauka upesi, haihitaji pasi, bei ni nafuu. Shida yake ni vidonge: ncha za pamba hujisokota, na nyuzi za poliesta ambazo ni imara huzishikilia zisidondoke, kwa hiyo baada ya mwaka kava huwa na upele. Angalia asilimia, na uchague lenye pamba iliyozidi nusu.

6. Maikrofaiba

Ni poliesta tupu, yenye nyuzi nyembamba sana. Ulaini wa mkononi ni wa kweli. Tatizo huanza usiku wa manane: poliesta hufyonza chini ya asilimia moja ya uzito wake, hivyo jasho halina pa kwenda. Pia hushika mafuta ya mwili na harufu yake. Linafaa chumba cha wageni, au kitanda cha mtoto anayekojoa, maana likifuliwa asubuhi jioni limekauka.

Flaneli ni ya wakati wa baridi tu. Jezi, ile ya kitambaa cha fulana, ni tamu mwanzoni lakini hutanuka ikapoteza umbo. Hariri sitaizungumzia kwa mtu anayetaka kitu cha kudumu.

Geuza kona ya ndani nje

Hili ningependa ulipe muda kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu kava nyingi hazifi katikati ya kitambaa. Hufia kwenye mshono na kwenye mdomo wa kuingizia duveti. Omba lifunguliwe, ingiza mkono hadi kona ya mbali, ligeuze. Ukikuta nyuzi zinaning'inia na ukingo wa kitambaa uko wazi, kila mfuo utazidi kuula. Ukingo unatakiwa uwe umepigwa ovaloki (mshono wa kuzungusha ukingo usifumuke), au bora zaidi uwe umekunjwa na kufungiwa ndani ya mshono. Weka kidole gumba kwenye mshono na uhesabu pigo za sindano kwenye sentimita mbili na nusu: 10 au zaidi ni kazi nzuri, chini ya 8 ni haraka ya kiwandani. Kisha vuta pande mbili za mshono kwa upole. Ukiona mwanga unapenya kwenye matundu ya sindano, achana nalo.

Hapo hapo konani tafuta kamba za kufungia duveti. Bila kamba, duveti hujikusanya upande mmoja ukabaki na kitambaa kitupu kifuani. Ziwe nne angalau, na ziwe zimeshonewa ndani ya mshono wenyewe, si kubandikwa juu yake. Kumbuka pia kuangalia kama duveti yako ina vitanzi vya kupokea kamba hizo.

Mdomo una aina mbili kuu. Vifungo vinapendeza na ni rahisi kurekebisha: kimoja kikitoka unakirudisha mwenyewe kwa sindano. Ila vikiachana sana, kidole cha mguu hupenya katikati yake, na ukikitoa kwa nguvu tundu la kifungo hupanuka. Zipu haina pengo. Ikiharibika lazima fundi cherehani abadilishe nzima, lakini mimi bado naichagua zipu, mradi meno yake yawe ya plastiki, yafichwe na upindo, na iwe ndefu. Zipu inayofunguka theluthi tu ya upana itakutoa jasho kila siku ya kubadilisha.

Vipimo na rangi

Pima duveti, usipime kitanda. Usiamini majina ya saizi pia: "king" ya Uingereza ni sentimita 225 kwa 220, ya Marekani huzidi 260 kwa upana. Pamba ambayo haijatayarishwa isirudi hupungua asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa, maana yake kava la sentimita 200 linaweza kupoteza 6 hadi 10. Duveti ijae kava bila kubanwa. Kava likiwa kubwa mno duveti huogelea ndani, likiwa dogo manyoya au pamba hujikunja kona.

Kuhusu rangi, lowesha kitambaa cheupe na usugue mahali pasipoonekana. Kikitoka na doa, rangi itachuja hadi kwenye mashuka. Maua au mistari inayoonekana sawasawa nje na ndani imefumwa kwa uzi uliotiwa rangi na itachelewa kupauka. Ikiwa upande wa ndani ni mweupe, imechapwa juu tu.

Alama ya OEKO-TEX Standard 100 inamaanisha kitambaa kimepimwa kemikali zenye madhara. Haisemi lolote kuhusu uimara, ingawa wauzaji huitaja kana kwamba ni dhamana.

Ukifika nyumbani, fua kabla ya kutumia, zipu ikiwa imefungwa ili soksi zisiingie ndani. Nyuzijoto 40 zinatosha kwa siku za kawaida. 60 huua utitiri wa vumbi, na pamba na kitani huzimudu. Dawa ya kulainisha nguo iache, kwani hufunika nyuzi na kuzizuia kufyonza jasho, jambo ambalo ndilo ulilolipia.

Na kama fedha uliyo nayo inatosha kava moja la kitani au mawili ya pakeli, chukua mawili ya pakeli. Yakipokezana, kila moja hufuliwa nusu ya mara ambazo lingefuliwa likiwa peke yake, na siku ya mvua hulazimiki kulala na duveti tupu ukisubiri kava likauke.