Waliongeza springi vizuri, wakaiondoa stabilaiza bila kuniuliza

Springi mafundi wa gereji hii wamefunga vizuri, hilo nalisema mapema kwa sababu huko chini nitakuwa mkali. Wameongeza majani mawili ya springi kila upande, yu-bolti mpya (zinazobana springi kwenye ekseli), senta boliti mpya (inayoshikanisha majani), na hakuna jani lililopigwa moto wala kuchomelewa. Wengi hurudisha yu-bolti za zamani ambazo zimeshavutika, kisha wiki chache baadaye ekseli inahama mahali pake. Hawa hawakufanya hivyo.

Kazi ilikuwa ni Hilux Vigo ya kubebea viazi kutoka Njombe. Ikipakiwa lumbesa, nyuma ilikuwa inakalia raba za kugongea. Nimeenda kuichukua, nyuma imeinuka sawasawa, lakini nikichungulia mbele stabilaiza, kile chuma kinachounganisha upande wa tairi la kushoto na la kulia, hakuna. Kuuliza chuma kiko wapi, fundi mkuu hakuinua hata uso: "Mzee, kile hakibebi mzigo, kinabana gari tu. Kama unaijua kazi si ungefunga mwenyewe."

Kinachoniudhi ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Stabilaiza haibebi hata kilo moja. Matairi yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, inazunguka tu ndani ya bushi zake. Kazi yake inaanza tairi moja linapopanda na lingine linaposhuka: inajisokota, inalizuia bodi lisilale. Anayepanda mawe porini kwa mwendo wa kobe anafaidika ikitolewa, maana kila tairi linafuata ardhi. Aliyebeba tani moja kwenye lami anafaidika na nini? Uwezo wa kubeba hauongezeki hata kidogo.

Na kuitoa mbele huku unakaza nyuma ni kosa juu ya kosa. Kwenye kona uzito unahamia matairi ya nje, na upande wenye ugumu zaidi, wa mbele au wa nyuma, ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito huo. Nyuma imeongezewa majani, mbele imelegezwa, kwa hiyo tairi la nyuma la nje ndilo linaloelemewa. Likiachia, mkia unatoka. Sasa weka juu yake magunia yaliyopanda kuliko kabini, ushuke mlima Kitonga lami ikiwa imelowa. Mtu anayefunga gari za mizigo alipaswa kuliona hilo kabla hajashika spana.

Nilipoingia chini ya gari nikakuta lingine. Hilux hii haina ABS, mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki. Ina valvu kwenye chesi yenye mkono ulioungwa na ekseli ya nyuma, na inapima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Ukiinua nyuma bila kuugusa mkono huo, valvu inaamini gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma hata kama umebeba tani. Breki za mbele zinabebeshwa karibu kazi yote, na kwenye mteremko mrefu zinaweza kuungua. Kishikio cha mkono kirekebishwe, halafu breki zijaribiwe gari ikiwa tupu na ikiwa na mzigo. Hawakugusa kitu.

Shokapu pia waliacha zilezile. Springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, shokapu iliyochoka haiwezi kuizuia, ndiyo maana gari ikiwa tupu inaruka ruka kwenye rasta.

Nilikuwa nimepanga kuwapa nyota tatu kwa ajili ya springi. Lakini boliti za bushi za springi wamezikaza gari ikining'inia kwenye jeki, raba zimekaa zimejisokota na zitapasuka mapema. Zinakazwa gari ikiwa imesimama kwa matairi yake. Na hakuna aliyeniambia nirudi baada ya kilomita 500 hivi kukaza yu-bolti. Kwa hiyo hata springi zenyewe, kazi iliishia nusu.

Nyota moja. Stabilaiza niliidai siku ileile, nikajibiwa imeshakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nimetafuta nyingine pamoja na linki mbili na bushi mbili za kwenye chesi, na imefungwa kwingine, nikiwa nimesimama palepale.