Mafuta ya maji: kikombe au mizani?

Kikombe ni cha haraka, na kwa kukaanga kinatosha kabisa. Shida huanza mtu anapodhani mililita 250 ni gramu 250. Hiyo ni hesabu ya maji. Mafuta mengi ya kupikia ni mepesi kidogo, kama gramu 0.92 kwa mililita, kwa hiyo 250 mara 0.92 unapata gramu 230. Tena yakipata joto hutanuka: ujazo unaongezeka, uzito uko palepale. Na yale yanayong'ang'ania ndani ya kikombe je?

Mizani haina hayo. Weka bakuli, rudisha kwenye sifuri, mimina. Kwa kutengeneza sabuni mimi kikombe sikitaki hata kidogo, maana kiasi cha kostiki soda, ile kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, hukokotolewa kwa uzito wa mafuta.