GIMP au Blender kwa herufi zilizonyanyuka?

Mteja wa Bagamoyo anayetaka bango la kibanda chake cha pweza hasemi "pande tatu" (3D). Anasema: "Fundi, jina litokeze nje, kama nakshi za mlango wa Mji Mkongwe." Hapo unachagua programu: GIMP, ya kuhariri picha, au Blender, ya kuunda maumbo ya pande tatu.

GIMP inadanganya jicho, na inajua kudanganya. Unaandika jina, unanakili tabaka lake (layer), nakala unaiweka nyuma na kuisogeza chini kidogo, unaipaka nyeusi na kuififisha: kivuli tayari. Ukiongeza kichujio cha kuinua uso, upande mmoja wa herufi unapigwa na nuru, mwingine unabaki gizani. Hata kompyuta kuukuu inaimudu kazi hiyo. Ila mteja akisema "hebu nione kwa ubavuni", umekwama. Ubavu haupo, ni picha bapa.

Blender ina ubavu. Maandishi unayapa unene, unalainisha kingo, kisha taa na kamera unaziweka utakako. Ukitaka jua la asubuhi litokee baharini, unahamisha taa moja tu na vivuli vyote vinafuata. Nayo ni ya bure, msimbo wake wa chanzo uko wazi kwa wote tangu 2002. Lakini mgeni atatoka jasho kwa vitufe vyake, na kompyuta dhaifu itaunguruma mpaka chai ipoe.

(Photoshop msiniulize: kampuni yake, Adobe, ilianza kuziondoa zana zake za pande tatu mwaka 2021.)

Bango la pweza nalimalizia GIMP. Nembo ya kuzunguka kwenye video, Blender. Mara nyingi nachanganya: herufi natoa Blender kama faili la picha la PNG lisilo na mandharinyuma, bei na namba ya simu naziandika GIMP, maana bei ya pweza hubadilika kila wiki.