Kompyuta ya baiskeli ya kukuonyesha njia: ununue ipi ukiwa Mwanza

Nilianza kwa kufunga simu kwenye usukani. Saa saba mchana, nikiwa nimeshapita Usagara, jua likaimeza skrini. Nikaikinga kwa kiganja, nikaona onyo kwamba imepata joto kupita kiasi, halafu ikazima. Tangu siku hiyo simu inakaa mfukoni, na ninapochagua kifaa natazama mambo mawili: skrini isomeke juani, chaji ifike jioni.

Namba moja kwangu ni Bryton Rider 420. Haina ramani. Unaiwekea njia uliyoipanga nyumbani, nayo inachora mstari na kukuonyesha uko wapi juu yake. Skrini ni nyeusi na nyeupe, na jua linavyozidi ndivyo inavyosomeka. Inaendeshwa kwa vitufe, hivyo jasho na vumbi haviisumbui. Mtengenezaji anataja saa 35 za chaji. Kwa safari ya kwenda Sengerema kupitia daraja la Kigongo–Busisi, ambako barabara kuu ni moja, mstari huo unatosha kabisa.

Vijia vya Bwiru ni habari nyingine. Njia inaingia katikati ya majabali, inagawanyika mara tatu, zote zinafanana, na mstari mtupu haukuambii kijia kipi kinaishia uani kwa mtu. Kama huko ndiko unakozunguka kila wiki, Wahoo ELEMNT Bolt ya 2021 inapanda hadi namba moja: ina ramani ya rangi, vitufe, na saa 15 za chaji. Vinginevyo ni ya pili.

Ya tatu ni Garmin Edge 130 Plus, gramu 33 tu na saa 12. Skrini yake ya inchi 1.8 ni ndogo mno kwa macho yangu barabara ikiwa na mashimo. Edge Explore 2 ina skrini ya inchi 3 na inapendeza sana, ila kwa anayetaka kitu rahisi ni pesa nyingi mno. Naiweka ya nne.

Ukinunua iliyotumika, usiipimie ndani ya duka. Toka nayo nje, iwashe, subiri ishike setilaiti, kisha bonyeza kila kitufe. Hakikisha pia unapewa kile kishikizo cha usukani, maana bila hicho utarudi kuibeba mfukoni.