Handaki la tonado chini ya gereji: zuri ila mama kagoma kushuka

Tunakaa Moore, Oklahoma, kwa asiyeijua ndio ile Moore iliyopigwa na tonado (ule upepo mkali unaozunguka kama faneli) ya EF5, daraja la juu kabisa, tarehe 20 Mei 2013 wakafa watu 24, na ile ya 1999 nayo ilipita hapahapa. Nyumba nyingi za huku hazina chumba cha chini, kwahiyo miaka yote king'ora cha tonado kikilia sisi tunakimbilia bafuni, tunajikunja kwenye sinki la kuogea na godoro juu ya kichwa. Mtoto alipozaliwa nikasema basi, tunachimba.

Tuliweka lile sanduku la chuma linalozikwa chini ya sakafu ya gereji, la watu sita, dola 3,800 pamoja na ufundi. Mafundi walifika saa mbili asubuhi, wakakata zege kwa msumeno, kikatapila kidogo kikachimba, sanduku likashushwa, wakamwaga zege pembeni, saa nane mchana wanafagia. Hapo nawapa maua yao. Mfuniko unateleza kwenye reli, kwahiyo unafunguka hata gari ikiwa imepaki juu ila utatambaa chini ya gari kama fundi. Kwa ndani kuna jeki ya kuusukuma kama kifusi kimeukalia, hiyo usikubali ikosekane. Na ulizia kama limejengwa kwa viwango vya FEMA (shirika la serikali ya Marekani la maafa), yaani lihimili upepo wa maili 250 kwa saa (kama kilomita 400 hivi), maana wauzaji wa maneno matupu wamejaa.

Sasa kasoro. Watu sita wa kwenye brosha ni kila mtu futi tatu za mraba, magoti yanagusana, joto, mtandao wa simu unakata, nunua redio ya betri. Mwaka wa pili reli zikajaa mchanga mfuniko ukagoma, nikawapigia wiki nzima hakuna anayepokea, mwisho nikasafisha mwenyewe nikapaka grisi.

Ila kubwa zaidi ni mama. Alikuja kutoka Morogoro kutusaidia mtoto, mwezi wa tano, msimu wenyewe wa tonado. Usiku king'ora kikalia, mke kashashuka na mtoto, mama kasimama pale juu anaangalia lile shimo, ananiambia "Mwanangu, mbona hili mwanandani? Mimi nizikwe mara moja tu." Nikadhani ni utani, kumbe magoti nayo hayawezi, ngazi imesimama wima kama ya kupandia minazi. Nikamrudisha bafuni nikakaa naye, familia nusu chini nusu juu, hela yote ile. Bahati tonado ikapita kusini mbali na sisi.

Kwahiyo kama nyumbani una mzee, mjamzito au mtu wa kiti cha magurudumu, achana na hili la kuchimba. Chukua chumba cha chuma cha juu ya ardhi kinachofungwa kwa bolti kwenye zege la gereji. Vile vya viwango vinajaribiwa kwa kurushiwa ubao wenye uzito wa pauni 15 (kama kilo 7) kwa kasi ya maili 100 kwa saa, na unaingia kwa mlango kama chooni. Bei inazidi kidogo na kinakula nafasi ya gari, ndicho kilichonifanya nikiache.

Kama umeshachimba, kaliandikishe kwenye ofisi za mji, ni bure, ili waokoaji wajue pa kuwafukua. Nyota tatu na nusu. Mama anarudi mwakani, nimemkatia tiketi ya mwezi wa tisa.